Mzazi Yupi?

Nyumba yenye mzazi utaijua kwa pua kabla hujapiga hodi. Kwetu kijijini, upande wa Msimbu huko Kisarawe, ilikuwa harufu ya uji wa pilipili manga, mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, na mvuje, ile dawa yenye harufu kali ambayo kichanga hufungwa mkononi ili jicho baya limpite kando. Nilipokuwa na miaka tisa sikuwa na shaka yoyote juu ya neno mzazi. Mzazi ni mwanamke aliyejifungua juzi, yuko kitandani na mtoto ubavuni, anakandwa maji ya moto asubuhi na jioni, na ole wake atakayemwacha ainue ndoo. Siku mwalimu wetu wa darasa la tatu alipotangaza kwamba wazazi wote waje kikaoni, niliwahurumia kwa dhati, masikini, watatembeaje mpaka shuleni na matumbo yamefungwa kanga? Nilipouliza, darasa zima lilinicheka. Mcheke na nyie, sikatai, lakini msimalize kicheko chote hapa, maana kijiji kizima kilikuja kukosea palepale nilipokosea mimi.

Mwaka huo mama yangu alikuwa mzazi asiye na mtoto. Uchungu ulimshika wakati wa masika, na zahanati yetu ilikuwa na chumba kimoja, benchi moja na pazia. Wodi ya wazazi tulikuwa tukiisikia tu kwa waliokwenda mjini. Akapakiwa kwenye pikipiki, shangazi yangu nyuma akimkumbatia asianguke, kuelekea hospitali ya wilaya kwenye barabara ambayo siku ile ilikuwa tope tupu. Mtoto hakufika akiwa hai. Mama alirudi, akakaa kimya siku nyingi, hata sisi tukawa tunatembea kwa kunyata ndani ya nyumba. Halafu asubuhi moja akajifunga kanga mbili, akawapitia wanawake anaolima nao mihogo, na tangu hapo hakukuwa na mkutano kijijini usiokuwa na sauti yao. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," waliimba, na kiitikio chao kilikuwa kimoja tu: "Haki ya mzazi! Haki ya mzazi!" Walitaka wodi, kitanda, na muuguzi wa kulala pale. Wanaume wakawabandika jina, wabunge wa kanga. Mama alisema watucheke tu, meno yakiwakauka watafunga midomo.

Mle ndani ya nyumba kulikuwa na vita vingine. Dada yangu Zuhura alikuwa kidato cha pili, hajafika miaka kumi na sita, mrefu, mkali, mwenye tabia ya kusoma huku anasonga ugali mpaka ugali unaungua. Mtu mmoja wa Soga, kule Kibaha, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alileta posa. Baba akaikubali. Ningependa kuwaambia kwamba baba alikuwa mtu mbaya, kazi yangu ya kuandika ingekuwa nyepesi, lakini hakuwa mbaya hata kidogo. Alikuwa ameona binti wa jirani akipata mimba na kufukuzwa shule, maana ndivyo ilivyokuwa wakati ule, na baba wa binti yule akawa hatoki tena barazani. Baba aliogopa. "Bora aondoke kwa heshima kuliko arudi kwa aibu," alisema. Zuhura alilia, akasusa kula, akasema anataka kuwa muuguzi. Mama alisimama upande wake. Baba akajibu kwa upole ule wake wa kuudhi, "Mimi ndiye mzazi wake, uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Mama akaweka sufuria chini kwa kishindo: "Uchungu upi ulioujua wewe, baba Zuhura? Ulilala leba lini?" Mimi nilikuwa napepeta mchele pembeni, na nakumbuka nilivyochanganyikiwa. Baba naye ni mzazi? Anakandwa lini?

Basi wakaja wageni. Walikuwa wanawake wawili na dereva, watu wa shirika moja la mjini, wanazunguka kukusanya maoni ya wananchi kuhusu sheria ya ndoa. Leo najua vizuri walikuwa wakiuliza nini. Sheria ilimruhusu binti wa miaka kumi na tano kuolewa ikiwa mzazi wake ameridhia, na wao walitaka kujua kama watu wanataka kipengele hicho kibaki, au kiondolewe ili msichana naye asubiri miaka kumi na minane sawa na mvulana. Leo najua. Siku ile, kwenye uwanja wa shule, mgeni mmoja aliongea Kiswahili cha vitabu, kwa mujibu wa, kifungu kidogo cha, ridhaa ya, na upepo ukawa unaichukua nusu ya maneno yake. Wingu zito lilikuwa limeshasimama, na kila mwanamke pale alikuwa na mihogo juani nyumbani. Shingo zote zilitazama juu. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye naye mihogo yake ilikuwa nje, akainuka kufupisha mambo. "Jamani, mvua hiyo! Kwa kifupi wageni wanauliza, haki ya mzazi ibaki au iondolewe? Wanaotaka ibaki, mikono juu."

Wee! Mikono ilipanda ile, sijapata kuona. Wabunge wa kanga walisimama wote kwa pamoja, mama yangu mbele, mikono miwili miwili kana kwamba mmoja hautoshi, vigelegele juu, "Haki ya mzazi! Haki ya mzazi!" Upande wa wanaume baba alinyoosha mkono wake taratibu, akamtazama mama kwa mshangao, halafu akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kuwaona wamekubaliana, nami nikafurahi sana, nikapiga makofi. Mwenyekiti akauliza wanaopinga. Kule nyuma, ukutani kwa darasa la sita, ukapanda mkono mmoja wenye sare ya shule. Alikuwa Zuhura. Watu wakageuka. "Binti, una miaka mingapi wewe?" mwenyekiti akauliza. Mkono ulibaki juu. "Huu ni mkutano wa watu wazima, wa miaka kumi na minane. Shusha mkono." Hakuushusha mara moja, na kwa muda ule mfupi nilimwona mama akimkunjia uso, kama anayemwambia, mwanangu, unanipinga mimi? Kisha Zuhura akaushusha. "Wanaopinga, hakuna," mwenyekiti akasema, na mgeni akaandika.

Hapo ndipo yule mgeni, uso wake umesawijika, alipotaka kuhakikisha. "Kwa hiyo kijiji mnasema binti wa miaka kumi na tano aendelee kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, hata akina mama?" Kigelegele cha mama kilikatika katikati. Alisimama pale mdomo wazi, akamtazama mgeni, akamtazama baba, akageuka kumtafuta Zuhura, naye Zuhura alikuwa ameshaondoka. "Ngoja, mwenyekiti! Sisi tumesema mzazi! Mzazi wa wodini!" Watu walicheka, na matone ya kwanza yakaanza kuanguka, makubwa. "Mama Zuhura, mzazi ni mzazi," mwenyekiti alisema huku anakunja kiti chake. "Maji yakimwagika hayazoleki." Wote wakakimbilia mihogo yao. Mama peke yake hakukimbia, na yetu ililowa yote.

Nilimuuliza Zuhura jioni ile kwa nini ameambiwa ni mtoto, mbona baba anasema ameshakuwa mkubwa wa kuolewa. Aliniambia, "Mwaju, mimi ni mkubwa wa kuzaa, ni mdogo wa kunyoosha mkono. Ukielewa uje unieleze." Sikuelewa. Mama alikwenda kwa mtendaji wa kata, akaambiwa maoni yameshaondoka. Akapanda gari na wenzake wawili mpaka Kibaha, kwenye ofisi za mkoa, wakasubiri kwenye benchi na kanga zao za sare, wakaambiwa kwa adabu kabisa kwamba maoni ni maoni, na wala si hapa yanapopokelewa. Nyumbani baba hakupandisha sauti hata mara moja. Alisema tu, "Hata wewe ulinyoosha mkono, mama Zuhura. Mikono miwili." Ulimi hauna mfupa, lakini wa mama siku zile ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Zuhura aliolewa kabla ya mihogo iliyofuata kukomaa. Nilivaa gauni la njano, nikala pilau mpaka nikaumwa, na sikujua kama nilitakiwa kufurahi au kulia, kwa hiyo nilifanya yote mawili.

Alijifungulia hospitali moja ya Kibaha, uchungu wa siku mbili, nyonga zake bado za kitoto. Tulikuwa tumekaa nje kwenye veranda, baba, mama, mume wake na mimi. Muuguzi akachungulia mlangoni akaita, "Mzazi! Mzazi yuko wapi?" Mama akasimama. Baba naye akasimama. Muuguzi akawatazama wote wawili, amechoka, akasema, "Namtafuta mzazi mwenyewe, ametoka kitandani, msimruhusu atembee." Zuhura alikuwa ameteremka peke yake, yuko kwenye korido ameshika ukuta, anatafuta mlango wa kutokea. Baba alimwona binti yake pale, miguu mitupu, gauni la hospitali limemzidi, akakaa chini ghafla. Walimrudisha wakampasua, akapona, na mtoto akapona. Baba hakulitumia tena lile neno mbele yetu mpaka alipokufa.

Sasa niko Mbwawa, hapa hapa Kibaha, nina kazi ya ofisini na watoto wangu wawili. Jumamosi mimi na wanawake wenzangu tunazunguka mitaani kuwaeleza watu sheria ya ndoa, haki za uzazi na kujiandikisha kupiga kura. Mengi yamebadilika. Binti akijifungua siku hizi anaruhusiwa kurudi shule, jambo ambalo lingemwondolea baba yangu nusu ya hofu yake. Sheria ile ya ndoa yenyewe bado nasikia ikijadiliwa, mwaka huu, mwaka ule, nami nimeacha kuahidi watu. Na wodi ya wazazi kijijini kwetu ilijengwa, jamani, ipo, ina vitanda na umeme, na wanawake wa kule wanaiita wodi ya Mama Zuhura. Mama alipata alichokidai. Nikimwuliza kama ile kelele yote ilikuwa kheri au shari, husema, "Usiniulize hilo, Mwaju," kisha huuliza kama nimeshakula. Nami sijui nimpe pole au pongezi. Wapo watu wazima wanaotembea leo kwa sababu ya wodi ile, na yupo muuguzi mmoja ambaye hajawahi kuwa muuguzi.

Mwezi uliopita nilikwenda Soga kumtembelea dada yangu. Treni ya umeme ilipita mbali wakati Zuhura ananimiminia chai, hakuigeukia. Ana watoto wanne, ana duka lake la vitenge, mume wake anamsikiliza kuliko waume wengi ninaowajua, na hilo nalo linanivuruga. Nilikuwa nimebeba vipeperushi vyetu nikaanza somo langu, kura yako sauti yako, na kadhalika na kadhalika. Akanikatiza. "Niambie kitu kimoja, wewe mtaalamu. Siku ile ningekuwa na miaka kumi na minane, kura yangu ingekuwa moja. Moja kwa kijiji kizima. Si ningeolewa tu?"

Nilikoroga chai isiyohitaji kukorogwa.

"Ungeolewa, dada," nikasema mwishowe. "Lakini ingeandikwa kwamba ulikataa."

"Na waliandika nini?"

"Waliandika hakuna."

Aliweka kikombe chini. Nilidhani amekasirika, nikaanza kukusanya vipeperushi vyangu. Akanishika mkono, akanikalisha tena kitini.

"Basi andika wewe," alisema. "Andika kwamba alikuwepo mmoja."