Mdhamini Awe na Nyumba

Kibali cha kimataifa cha kuendesha gari nilikipata huko Ulaya ninakoishi, katika duka la magazeti na sigara. Muuzaji aliniuliza naenda nchi gani. Nilipomtajia, aliitafuta kwenye orodha yake, hakuiona, akanigongea muhuri hivyo hivyo. Ningekuwa na akili ningeelewa pale pale. Lakini mimi ni mtu wa karatasi. Niliingia nchi ya watu kwa karatasi, nikakaa kwa karatasi, nikaoa kwa karatasi, na mtu aliyeishi hivyo huishia kuamini kwamba karatasi ikiwa nzuri, mlango utafunguka.

Mama alikuwa ameanguka kisimani huko Chovae, akavunjika nyonga. Kisiwani walimkanda kwa mafuta na kumsomea, walipoona haisaidii wakamleta Kismayo kwa mashua ya injini. Nilipofika nilimkuta kwenye godoro, ndani ya stoo ya samaki ya binamu yangu, karibu na pwani. Binamu aliona haya kwa ajili ya harufu, akafukiza udi, na harufu mbili zile zikachanganyika zikawa mbaya kuliko ile moja.

Hospitali ilikuwa upande wa pili wa mji. Daktari alitaka apelekwe kupigwa picha, arudi, kisha apelekwe tena mpaka afungwe vizuri. Bajaji zilijaa tele barabarani, tukajaribu moja. Tulipomkalisha tu, mama aliuma leso yake, jasho likamtoka. Nilimwambia mwenye bajaji aende zake. Tulihitaji gari ambalo viti vyake vya nyuma vinalala, ili naye alale.

Mwenye magari ya kukodisha alikuwa na uwanja wake nyuma ya kituo cha mafuta. Gari la namna hiyo alikuwa nalo, dereva ndiye hakuwa naye. Wote walikuwa wamechukuliwa na wageni wa mashirika. Nikamwambia nitaendesha mwenyewe. Nikamtandazia mezani leseni, kibali, pasipoti na kadi ya bima, nikijiona bwana mkubwa. Alivitazama kwa hamu. Ukurasa wa Kiarabu katika kibali aliusoma kwa sauti, akampa na jirani yake ausome. Halafu akavikusanya vyote vizuri, akanirudishia, akaniuliza kwa Kisomali mimi ni wa kabila gani.

Nikasema Mbajuni. Akasema hilo analiona, yeye anataka kujua nani atanisimamia. Nikaanza kumweleza habari za bima, na yule bwana, Mungu amlipe kwa subira yake, alinisikiliza mpaka mwisho.

“Ukimgonga mtu,” alisema, “wazee wake watakuja hapa. Hawataiuliza kadi hiyo. Watauliza wewe ni wa nani.”

Alikuwa akizungumzia dia, fidia ya damu. Mtu akigongwa, ukoo wa aliyegonga huulipa ukoo wa aliyegongwa, na gari halitoki bila mdhamini ambaye ukoo wake unajulikana kuwa utalipa. Sisi hatuna ukoo wa namna hiyo. Hatukuwa na wa kutulipia dia wala wa kutudaia, ndiyo maana mwaka tisini na moja kutuua hakukumgharimu mtu kitu. Nilitoka pale nimekasirika, na hasira yenyewe sikujua nimpelekee nani.

Mdhamini alitakiwa pia awe na nyumba mjini. Binamu yangu alikuwa mpangaji. Alichora chini kwa kidole cha mguu, kisha akasema kwamba yupo mtu mmoja. Ukoo wake unasikika, na si mtu mbaya. Sikuhitaji kuambiwa anamsema nani. Alikuwa anamsema mtu anayekaa nyumbani kwetu.

Nyumba ile ya mawe na chokaa baba aliijenga kabla sijazaliwa. Tuliikimbia wakati wa vita, nikiwa mdogo wa kubebwa, na watu wengine wakaingia. Mama alifika Mombasa akiwa na ufunguo shingoni. Baadaye alirudi visiwani, lakini nyumbani hakurudi, kwa sababu hakukuwa na wa kumrudisha. Miaka yote ile aliamini kitu kimoja tu: kwamba ataingia tena kwa mlango wake mwenyewe.

Nilikwenda nimepiga moyo konde. Yule bwana alikuwa rika langu. Alinikaribisha katika chumba nilichozaliwa, akanimiminia chai ya maziwa yenye hiliki nyingi. Nilitaka nimchukie, na kumchukia mtu huku umeshika kikombe chake ni kazi. Nilipojitambulisha alibadilika uso, akasema alijua ipo siku atakuja mtu. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya gari. Alikubali hata kabla sijamaliza kueleza.

Tulikwenda pamoja kwa mwenye magari. Mdhamini wangu aliniwekea mkono begani, akasema, si kwa Kisomali bali kwa Kibajuni alichokiokota utotoni kwa kucheza na watoto wa pwani:

“Huyu ni mchu wangu.”

Neno hilo, mchu, lilinichoma. Nilipoomba hifadhi Ulaya waliniweka mbele ya kinasa sauti nithibitishe kwamba mimi ni Mbajuni. Mimi nilikulia Mombasa, nikasema mtu, mtu, mtu, kama nilivyofundishwa shuleni, na nusura wanirudishe kwa ajili ya herufi hiyo. Na sasa mtu aliyekaa nyumbani kwetu alilitamka bila shida yoyote, akawa ndiye ananithibitisha. Nilicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri.

Fomu ilikuwa karatasi moja. Anayekodi alitakiwa aandike kwa mkono wake kwamba anamjua mdhamini na nyumba yake. Mwenye magari alinisomea nami nikaandika: mtaa, msikiti ulio nyuma, nyumba ya mawe. Kisha akasema, “Gurigiisa.” Kwa Kisomali ni neno moja tu, maana yake nyumba yake.

Kalamu ikasimama. Mdhamini wangu aligeukia dirishani, kama kuna kitu nje. Nikauliza kama tunaweza kuandika kwamba anakaa hapo. Mwenye magari akasema anayekaa si mdhamini; anayekaa huhama. Nilimfikiria mama na ile leso mdomoni. Nikaandika, nikatia sahihi. Mdhamini wangu aliiomba karatasi, akaipiga picha kwa simu yake, akaitazama picha, akapiga nyingine. Mpaka leo sijui kama alikuwa anajihadhari tu, kama ambavyo angefanya mtu yeyote, au ndicho alichokuwa akikingoja kwangu tangu nilipokaa kwenye mkeka wake.

Gari tukalipata. Binamu na mimi tulimlaza mama nyuma juu ya godoro, tukamzungushia mito. Yule bwana alikuwa amenisihi nipite kwake, amjulie hali mgonjwa, na njia ya hospitali ilipita pale pale mlangoni. Sikuwa na udhuru wa kumpa. Nilisimamisha gari na injini inanguruma.

Mama nilikuwa sijamwambia lolote, si la mdhamini, si la fomu. Nilipogeuka nilimwona amejiinua kwa kiwiko, anatazama. Mlango ulikuwa ule ule wa baba, umepakwa rangi ya kijani. Mke wa yule bwana alikuja na chupa ya chai, na yeye mwenyewe akainama dirishani kwa adabu zote.

“Karibu ndani, mama,” alisema. “Upumzike kidogo.”

Mama aliutazama mlango, akamtazama yeye, akanitazama mimi. Sijui alisoma nini usoni mwangu, lakini alikisoma. Akajilaza tena, akavuta leso yake mpaka kwenye paji la uso.

“Twashukuru, mwenye nyumba,” alisema. “Sisi ni wapita njia.”

Nikatia gia, nikaendesha polepole ili asiumie.