Sauti ya Mama Imefika Visiwani

Mhadhiri wetu pale chuoni Bukoba alikuwa anafundisha uhuru wa maoni na teknolojia. Siku hiyo alitusikilizisha sauti mbili za mwanamume mmoja, akatuuliza ipi ni yake na ipi ya mashine. Darasa zima tulikosea. Bado tunacheka, mwenzangu wa dawati, binti wa Bumbire, akanipiga kiwiko. "Msikilize huyu mama wa kwenu Muleba, amewapasha viongozi kweli. Kwetu kisiwani kila mtu anayo sauti hii kwenye simu." Akanipa upande mmoja wa hedifoni zake. Alikuwa mama yangu mzazi.

Mama aliongea Kihaya, taratibu, kama anavyoongea kwenye jumuiya yao ya sala baada ya rozari. Alisema siku ya uzinduzi wa bomba la kijiji, mtendaji wa kijiji aliwaamuru akina mama wachote maji mtoni kwa ndoo, wayamwage tangini, ili mgeni rasmi akifungua koki yatoke. Yeye mwenyewe alibeba. Mgeni alipoondoka, koki ikakauka hadi leo. Alikuwa akiwaambia wanajumuiya wenzake tu, kwenye kundi lao la simu, akiamini ya jumuiya yanabaki jumuiyani.

Nikamrudishia hedifoni yake. Tulishasoma kwamba kutoa maoni ni haki ya kila mtu, kisha tukasoma makosa ya mtandaoni. Haki sikuikumbuka hata kidogo. Nilikumbuka makosa. Nikapanda basi, na njia nzima hadi Muleba nikawa napanga maneno: mama, sema si wewe, sema mashine imeiga sauti yako, mimi nitathibitisha, si ndicho ninachosomea?

Nilimkuta jikoni anamenya ndizi. "Mtendaji anakuja," akasema, kana kwamba ni mgeni wa kawaida. Nikammwagia mpango wangu wote. Akaendelea kumenya.

"Wewe kula kwanza," akasema.

Nilikasirika. Nani angeweza kula?

Hatujamaliza kubishana, pikipiki ikaingia migombani. Mama akamkaribisha mtendaji sebuleni, akamletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama tunavyomfanyia mgeni yeyote, hata yule usiyempenda. Mtendaji akachukua punje chache, akabaki amezishika. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Mama, mimi sina ugomvi na wewe," akasema. "Siku hizi kuna mashine zinaiga sauti za watu. Waambie tu wenzako ile si sauti yako, yaishe."

Maneno yangu yale yale. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Mama akanigeukia. "Huyu ndiye anayesomea mambo hayo. Mwulize yeye."

Mtendaji akanitazama, tena kwa upole kabisa.

"Ni sauti ya mama," nikasema. "Na maji aliyabeba."

Mtendaji akaziweka zile punje mezani, akaaga, akawasha pikipiki. Kwetu mgeni akipewa kahawa huitafuna. Akiiacha, hakuna amani. Mama akaanza kuzikusanya azirudishe kikapuni. Moja ikamponyoka, akaiokota, ikamponyoka tena, na hapo ndipo nilipojua kwamba muda wote ule naye alikuwa anaogopa.