Mama Katika Wimbo wa Tatu

Enzi zetu, wimbo ulipokuwa unanakiliwa, ua mzima ulinyamaza. Watoto wenzangu wa mtaa wa Buyenzi wanaijua kazi hiyo. Unaweka redio mbili uso kwa uso juu ya mkeka, moja inapiga, nyingine inarekodi, na hakuna ruhusa ya kukohoa. Kuku walifukuzwa. Fundi wa magari wa jirani aliombwa aweke nyundo chini kidogo, naye alikubali kwa sharti kwamba atapata nakala yake. Betri zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi, na kaseti tuliirudisha nyuma kwa kalamu ili tusimalize moto wa betri.

Mkubwa wa shughuli alikuwa kaka yangu Hamisi. Siku moja aliazima kwa mwanafunzi mwenzake albamu ya roki ya Wazungu fulani wenye nywele ndefu. Kiingereza hatukujua hata neno, Kifaransa chenyewe tulikipata kwa viboko vya mwalimu, lakini magitaa yale yalituingia mwilini. Tukakaa kimya, pua zikitutekenya, mpaka wimbo wa tatu. Pale gitaa linapoanza kupanda, mama, aliyekuwa jikoni na hakuambiwa lolote, akatoa kichwa mlangoni akaita, "Batoto, mukuye kula, bugali inapoa!"

Hamisi alishika kichwa. Mwenye kaseti alikuwa mlangoni anaingojea, nafasi ya kurudia haikuwepo. Basi mama akabaki mle ndani. Na kwa kuwa mtaa mzima ulinakili kutoka kwetu, fundi akiwa wa kwanza, kisha mtaa wa Bwiza, kisha Nyakabiga, wimbo wa tatu ukaenea Bujumbura pamoja na mama na ugali wake. Wapo waliokua wakidhani ndivyo Wazungu wenyewe walivyouimba. Mama alipoambiwa hayo, aliuliza tu, "Sasa bote banasikia naita, mbona abakuye?"

Wengine walikuja kweli. Sinia lilikuwa moja, ugali wa muhogo, ndagala, yaani dagaa wa ziwani, na mboga ya lengalenga, na mkono wa mama ulikuwa unasogeza ndagala kwa siri upande wa mtoto wa jirani. Sisi wa kwake tulinuna, lakini tulishiba.

Mama ametutoka, Mungu amrehemu. Kaseti ilipotea siku tulipokimbia mtaa kwa vita, na nakala za watu nazo zikaenda huko huko. Sauti yake sina mahali pengine popote. Kwa hiyo niliposikia Hamisi, sasa mzee mwenye upara na gitaa lake, anapanga na bendi yake kuipiga albamu ile nzima kwa heshima, katika ukumbi mmoja huko Kigobe, nilimfuata nikamwomba jambo moja: kwenye wimbo wa tatu amwachie mama nafasi.

"Apana, mudogo wangu," akasema. "Tunapiga vile iko kwa disque ya Bazungu benyewe. Ile ya mama ilikuwa kosa yangu, miaka yote inaniuma."

Nilikasirika, siku mbili sikumpigia simu. Lakini Jumamosi nilikwenda, tena kwa miguu, kwa kuwa mafuta ya gari siku hizi yanatafutwa kwa tochi. Mwanangu alinisindikiza huku akilalamika njia nzima. Ukumbini walijaa watu wa rika langu, mvi na vitambi. Vijana walikuwa wanapiga picha za simu, jukwaa lenyewe hawalitazami.

Ukafika wimbo wa tatu. Gitaa likaanza kupanda, safi kabisa, na Hamisi amefumba macho. Nikajua anapita, hatamwachia mama nafasi, nikainamisha kichwa. Ndipo sauti nene ya mwanaume ikatoka viti vya nyuma: "Batoto, mukuye kula!" Na ukumbi mzima, watu ambao wengi wao hawakumwona mama hata siku moja, wakaitikia pamoja: "Bugali inapoa!"

Mkono wa Hamisi ulisimama kwenye nyuzi. Alitazama watu, akanitafuta mimi kwa macho, kisha akasogea kwenye maikrofoni.

"Tunakuya, mama," akasema, na akaendelea kupiga.

Nililia mbele za watu na sikuona haya. Nawashukuru wote mliomtunza mama yetu vichwani mwenu bila kujua jina lake.

Vijana wa leo nyimbo zao hazina kikohozi wala kuku. Kila mmoja ameziba masikio yake peke yake, na wimbo ukichelewa kidogo kunoga anauruka. Njiani tukirudi, mwanangu aliutafuta ule wa tatu kwenye simu, akausikiliza mara mbili, akaniuliza mbona hasikii mahali wanapoitwa kula. Nikamwambia huo wa kwake ni msafi, wetu ulikuwa na watu ndani. Tulipitia kwa Hamisi, mkewe alikuwa ametuwekea chakula. Ugali ulikuwa umepoa, tukaula hivyo hivyo.