Muulize Kwanza Kama Ana Kesi

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, Ijumaa ambayo mama yangu alipanda treni kwa mara ya kwanza maishani mwake, na mimi mwenyewe nikamfanya ashuke kabla ya kituo chake. Usicheke nikikuita mwanangu. Najua ndevu zangu bado nyeusi na sauti yangu bado inapanda. Lakini wewe ndiye unafungasha sanduku kuja huku Dubai, na aliyetangulia kujikwaa ana haki ya kukuonyesha jiwe liko wapi.

Miaka hiyo nilikuwa mlinzi kwenye mall. Nilikaa International City, watu sita chumba kimoja, na kazi yangu kutwa nzima ilikuwa kusimama kwenye kamba nikiwaambia watu, "Sir, hapa hapapitwi. Madam, zungukia kule." Liweke hilo kichwani, tutalirudia.

Dada yangu Nafula alikuwa anatandika vitanda hotelini. Alikuwa amepata mchumba, Kirimi, Mmeru, mtu wa ghalani kule Dubai Investments Park. Kijana mkimya mpaka nilikuwa namwonea huruma. Nilimpenda kwa sababu Nafula alimpenda. Mimi niko hivyo: ukiwa wa kwetu, wewe ni wangu, na adui yako nitamtafutia jina baya hata kabla sijamjua. Miaka miwili nilimpigia Kirimi debe kwenye simu nikiongea na Mama. Mama alikuwa anasikiliza, kisha anauliza bei ya nyanya huku.

Basi tukamleta Mama, kwa visa ya kutembea, wiki mbili. Akatua, akanywa chai, akasema neno lake. "Sitapokea wazee wa mtu ambaye macho yangu hayajamwona."

Na hapo ndipo palikuwa na kazi. Kwetu Bungoma, mama mkwe na mkwe wana mpaka wao. Hampi mkono, hali naye, hawakai sebule moja wakitazamana. Sasa utamwonyeshaje mama mtu ambaye hapaswi kukaa naye? Nafula ndiye alipata dawa, na dawa yenyewe ilikuwa besiboli.

Kirimi aliujua huo mchezo tangu shule kwao Meru, na huku akaukuta kwa Wafilipino wa ghalani, wenye timu yao ya Ijumaa kwenye uwanja mmoja Al Quoz. Mmoja anarusha mpira mdogo mgumu kama jiwe, mwenzake anaupiga kwa gongo halafu anakimbia. Ukiukosa mara tatu, umetoka, na ukiuacha mpira halali upite, unahesabiwa umeukosa. Kuzunguka uwanja kuna ua wa waya. Mama angesimama nje ya waya kule mbali, amtazame mpaka aridhike, na hakuna mtu angelazimika kumsalimia mtu. Mchezo ulikuwa saa nane mchana. Kesho yake asubuhi Mama alikuwa anaruka kurudi nyumbani. Ukikosa hiyo, umekosa, khalas.

Miaka ile, siku za Ijumaa treni haikuanza mpaka saa saba. Tulichukua basi mapema kwenda stesheni ya Rashidiya, tukangoja mlango ufunguliwe na umati wote wa wenye ofu. Mama alikuwa amejifunga leso yake nzuri, viatu vya kanisani. Treni ikaingia. Akachungulia mbele.

"Dereva yuko wapi?"

"Haina dereva, Mama," nikamwambia. "Inajiendesha."

"Basi tuombe."

Akaomba kweli, pale pale mlangoni, watu wakimpita.

Sasa ile treni ina behewa la wanawake na watoto. Sakafuni kuna mstari wa pinki. Mwanamume ukiuvuka ni faini, na kila mtu anajua. Mama na Nafula wakaingia upande wao, Mama akapata kiti. Mimi nikabaki upande wangu, mguu karibu na mstari, nikimlinda kwa macho. Umati ukaingia, Nafula akasukumwa kule nyuma. Vituo vitatu hivi baadaye nikachungulia katikati ya vichwa, na nikaona nini? Mama yangu, miaka sitini na kitu, amesimama ameshika nguzo. Kwenye kiti chake amekaa msichana wa sare ya saluni, amefumba macho, anasinzia.

Mwanangu, sikuuliza. Damu ilipanda, nikavuka mstari kama haupo.

"Simama," nikamwambia yule msichana kwa Kiingereza, kwa sauti ya kazini. "Hicho ni kiti cha mama yangu. Kwenu hamna wazee?"

Msichana akashtuka usingizini, akasimama, mkoba ukaanguka, machanuo yakatawanyika chini. Anasema samahani, samahani, hajui hata kosa lake. Nafula anaita kutoka nyuma, "Wekesa, rudi nyuma ya mstari!" Mama anasema kitu, sikukisikia. Mimi naongea. Ukinikuta naongea siku zile, hata radio ingeniachia zamu.

Mkaguzi alinigusa bega. "ID."

Nikamwambia yeye pia hajui kazi, alikuwa wapi mama yangu akinyang'anywa kiti. Nikamwambia, mimi mwenyewe niko sekyuriti, najua sheria.

Akanitazama kuanzia viatu mpaka juu. "Kama uko sekyuriti, basi unajua mstari ni nini."

Nilishushwa kituo kilichofuata. Mama akashuka na mimi, kwa sababu mama ni mama, na Nafula akashuka kwa sababu angefanyaje. Nyuma yetu akashuka bibi mmoja wa buibui, mwembamba, miwani minene. Alikuwa amekaa kando ya Mama muda wote. Mzanzibari, familia yake iko huku tangu zamani. Akamfuata mkaguzi akimwongelesha Kiarabu, kwa upole, kama anamwongelesha mjukuu. Faini iliandikwa hata hivyo, ila mtu alikuwa ameanza kutaja polisi kwa sababu ya kelele zangu, na hayo yakaishia kwa yule bibi. Bila yeye, labda visa yangu ingekuwa hadithi nyingine.

Lakini saa ilishakwenda. Tulikaa pale muda mrefu, makaratasi, simu, ngoja huyu, ngoja yule. Nafula alikuwa anatazama treni zikipita. Hakunitukana. Alisema tu, "Wekesa, miaka miwili nimeingoja leo," akageuka ukutani.

Nikaanza kujitetea. "Nilikuwa nampigania Mama!"

Yule bibi akagonga benchi kwa kiganja. "Hebu kaa. Kaa hapa, mwanangu."

Nikakaa.

"Mama'ko kakwambia kaonewa?"

"Hapana."

"Yule msichana kakwambia kiti kakinyang'anya?"

"Hapana, lakini nimeona..."

"Umeona mtu kasimama. Sasa kesi umeipata wapi?"

Mama ndiye alijibu, akitazama viatu vyake vya kanisani. "Kile kiti nilimpa mimi. Alikuwa amechoka huyo mtoto. Na mimi nilikuwa nataka dirisha. Kuna jumba moja nilikuwa nahesabu ghorofa zake, nimefika thelathini na moja, ndio nikakusikia."

Yule bibi alicheka kidogo, si kwa dharau. "Kumtetea mama'ko ni jambo la kheri," akaniambia. "Ila muulize kwanza kama ana kesi. Watu wengine wamesimama kwa raha zao." Kisha akaongeza ya wahenga, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, akapanda na sisi treni iliyofuata. Akamwachia Mama nafasi ya dirishani. Mimi safari hii nilisimama hatua kumi kutoka kwenye mstari, kama ng'ombe aliyeguswa na waya wa umeme.

Tuliposhuka, basi la kuunganisha lilikuwa limeondoka, na Ijumaa mabasi huja yakijisikia. Tukafika uwanjani saa kumi inakaribia. Nafula alikuwa anakimbia mbele na viatu mkononi.

Mchezo ulikuwa unakwisha. Timu ya Kirimi ilikuwa nyuma kwa pointi moja, akitoka mtu mmoja tu wamepoteza, na aliyekuwa ameshika gongo ni Kirimi. Mama akasimama nyuma ya waya, akavuta leso mpaka kwenye paji la uso. "Ni yupi?"

"Huyo mwenye gongo," Nafula akasema.

Mpira wa kwanza akaukosa. Wa pili akaukosa. Wa tatu ulikuja chini kabisa, kwenye vifundo vya miguu, hata mtoto angeuacha upite, na yeye akauacha. Refa akasema ni halali. Ametoka. Mchezo umekwisha.

Wafilipino wake walirusha kofia chini, wakamzingira refa. Mimi mkono wangu ulikuwa tayari kwenye waya, mdomo umefunguka. Nikahisi Mama ameshika shati langu kwa nyuma.

Kirimi alimtazama refa mara moja. Akalaza gongo chini, halikutimua hata vumbi, akaenda kumpa mkono yule aliyerusha mpira. Halafu akawatoa wenzake kwa refa, mmoja mmoja, akiwashika mabega. Ndipo akatuona. Akavua kofia, akasimama pale pale mbali, akainamisha kichwa bila kutazama upande wa Mama. Nafula alikuwa amemfundisha.

"Amedhulumiwa?" Mama akauliza.

"Kabisa," nikasema. "Mpira ulikuwa chini!"

"Na ananyamaza."

"Refa habishiwi, Mama. Ni sheria ya mchezo."

"Hata wewe ulikuwa na mstari leo," akasema. Kisha akamgeukia Nafula. "Nimemwona. Waambie wazee wao waje. Lakini huyu ndugu yako asiwekwe kwenye wasemaji."

Alimaanisha, mwanangu. Siku ya posa nilienda Bungoma kwa likizo yangu, mimi kaka wa bibi harusi, mimi niliyepiga debe miaka miwili, nikawekwa nje kuchoma nyama. Ndani wajomba wanaongea, mimi napepea moto. Moshi ulinitoa machozi, na nilishukuru kuna moshi.

Kwa hivyo sikuambii usiwapende watu wako. Wapende, wapiganie, huku mbali hatuna kingine. Ila ukiona mtu wako amesimama, msogelee kwanza umuulize, "Unataka nini?" Ukimkosa kwa umati, ngoja kituo kimoja. Akikuambia ana kesi, isimamie, na uisimamie upande wako wa mstari. Na ukidhulumiwa wewe, tazama mara moja, laza gongo chini, jua kuna anayekutazama nyuma ya waya na hujui amekuja kutafuta nini.

Safiri salama. Mungu akupe masikio mepesi na ulimi mzito, akuwekee bibi wa buibui kila kituo utakachoshushwa, na mama yako ahesabu ghorofa zake zote mpaka ya mwisho.