Mama wa Kwenye Simu

Mimi ni muuguzi, lakini kwenye basi la kazini, asubuhi tukitoka Al Thumama, mtaa tunakoishi huku ughaibuni, husikiliza falsafa kwenye simu. Wenzangu husikiliza mahubiri, na hunicheka. Mwezi ule nilikuwa nimenaswa na Wajerumani wa karne iliyopita, waliobishana kama ulimwengu upo kweli au ni picha tu vichwani mwetu. Mmoja wao alishikilia kwamba uhalisi hatuujui kwa kuutazama. Tunaujua unapotukatalia, unapotugonga. Nikacheka peke yangu. Mtu asome miaka yote hiyo ndipo agundue kwamba ukuta unaumiza!

Kisha mume wangu akaja na binti yetu kutoka Nakuru. Nilimwacha hajaota hata jino. Sasa alikuwa anakaribia miaka mitatu. Kila jioni tulikuwa tukiongea kwa video, naye akibusu kioo mpaka kinalowa. Pale uwanja wa ndege nilipiga magoti, nikafungua mikono. Akajificha nyuma ya baba yake.

Uji wangu hakuugusa. Kesho yake jioni akamletea baba yake simu.

"Nataka Mama."

"Si huyu hapa?"

"Huyo si Mama. Mama ako kwa simu."

Iliniuma, sitaficha. "Wachana naye kidogo, atakuzoea," mume wangu akaniambia. Lakini mimi na udadisi wangu! Nilitaka kujua angefanya nini akituona sote wawili, mimi na yule wa kwenye simu. Nikaenda jikoni, nikapiga simu ya video. Akafurahi, akanionyesha viatu vyake vipya. Nikaanza kutembea kuelekea sebuleni huku tukiongea, hadi nikachuchumaa mbele yake.

Akatazama kioo. Akanitazama mimi. Nikatabasamu, na yule wa kwenye kioo akatabasamu.

"Toka!" akasema, akanisukuma shavu kwa kiganja, kwa nguvu zake zote. Miaka yote ile ya video hakuwahi kunisukuma. Shavu likawaka moto. Nikamkumbuka yule Mjerumani, na safari hii sikumcheka.

Kisha akafanya alivyozoea kila jioni akishachoka na maswali yangu: akabonyeza kitufe chekundu. Mama wa kwenye simu akapotea. Akainua macho polepole.

Nilikuwa bado nipo.

Akanibonyeza pua kwa kidole kilekile, akangoja. Akabonyeza tena.

"Mama," akauliza, "kwani wewe huzimi?"