Damalie Akataka Jibu la Upande wa Pili

Damalie ananunua mahindi kijijini Masinya na kuyauza mpakani Busia, upande wa Uganda au wa Kenya, kutegemea nani ametoa zaidi. Bei ya kwanza hakubali, hata ya kanisani. Mimi nauza dagaa kando yake, na kila siku ni wimbo uleule: "Ngoja nisikie wa ng'ambo wanasemaje." Tabia hiyo ilimjengea nyumba ya bati. Halafu nusura imzike.

Wauguzi walikuja sokoni na hema. Mwanamke anaingia nyuma ya pazia, anajichukulia kipimo mwenyewe kwa brashi ndogo, anarudisha kichupa. Tukataniana, tukaingia. Mashine ikatafuta humo alama ya kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Kwangu haikuipata. Kwa Damalie iliipata, tena ya aina ile mbaya zaidi.

Sista Dorah, muuguzi mzaliwa wa Paya, akamwambia aje hospitali ya Tororo Jumatatu. Damalie akaitikia vizuri, kisha akavuka mpaka.

Huko kliniki moja ikampaka siki, ile inayofanya kidonda kionekane cheupe, ikamulika taa, ikasema haioni kidonda. Akarudi anacheka.

"Mnaona? Wa huku walitaja juu. Nimepata ya chini, nimechukua."

"Hiyo si bei, dada."

"We uza dagaa."

Nikampigia Dorah. Jirani mzuri wa kibanda hapatikani ovyo. Dorah akaja na bodaboda, hakuhubiri. Alichota tu mahindi kwenye gunia la Damalie.

"Mama, haya yana fukusi?"

"Wapi! Tazama, safi."

"Na yai likiwa ndani ya punje, utaliona?"

Damalie akachukua punje, akaigeuza vidoleni. Hilo analijua kuliko sisi sote. Fukusi hutoboa punje, hutaga, huziba tundu. Unanunua gunia linalong'aa, baadaye unafungua vumbi.

"Wa ng'ambo hawakukudanganya," Dorah akasema. "Wao walitafuta kidonda, sisi tulitafuta kirusi. Kirusi kinaweza kukaa miaka bila kidonda."

"Kwa hiyo ninayo saratani?"

"Sijasema hivyo. Mara nyingi mwili unakifukuza wenyewe. Lakini kuna kipimo kingine sasa, kinatafuta alama ndani ya chembe zenyewe za mwili, kama zimeanza kugeuka. Zikiwa zimegeuka, tunatibu kabla hazijawa saratani."

Damalie akasimama, macho yamemtoka kama siku mahindi yalipopanda bei.

"Yaani mnaijua kabla haijakuja? Na mimi nimekaa hapa nabishana? Proscovia, niangalizie magunia."

"Leo si Jumatatu," Dorah akasema.

"Mimi nakwenda leo."

Nilifunga dagaa, magunia nikamwachia muuza nyanya, nikamfuata hadi Tororo, kwa sababu hiyo habari nami niliitaka. Wakampima: chembe zilikuwa zimeanza kugeuka. Saratani ilikuwa bado. Wakamchoma sehemu ile kwa kifaa cha joto, haikufika hata muda wa kuchemsha chai, hakulazwa. Alitoka ameshika tumbo.

"Inauma?"

"Kama maumivu ya mwezi tu. Nimeuziwa rahisi sana."

Dorah akamwambia arudi mwakani apimwe tena, waone kama kirusi kimeondoka. Damalie hakuuliza wa ng'ambo wanasemaje. Aliuliza hema litafika lini Masinya, kwa wanawake wanaomuuzia mahindi.

"Labda mwezi ujao," Dorah akasema.

"Wiki hii."

"Mama, hatuna gari."

"Lori langu linakwenda huko tupu. Kesho."

Wakakubaliana Alhamisi.