Kilichokuwa Ndani ya Gitaa

Harufu ya mafuta ya cherehani hunirudisha Mbeya, uani kwa bibi. Mjomba alikuwa amerudi kutoka migodini na gitaa, na kila alipolipiga, kitu kililia ndani ya shingo ya gitaa hilo kama nyuki. Bibi hakutaka liingie nyumbani.

"Umetuletea nini humo, baba?"

"Ni chuma cha kuzuia shingo isipinde, mama. Nati imelegea."

Akaidondoshea mafuta, akaikaza kwa spana ya baiskeli, akapiga tena. Sauti ikatoka safi. Sisi watoto tukashangilia.

Bibi hakucheka. Aliinama, akatega sikio kwenye tundu la gitaa.

"Kumbe kimetoka," akasema. "Sasa kimemwingia nani?"

Akatutazama mmoja mmoja. Macho yake yakatua kwangu, mimi niliyekuwa nakohoa tangu asubuhi.